Uburo Umeenda Wapi? Habari za Nafaka za Bijombo na Njia ya Ziwani

Katika mambo ya mila tuliyozoea kuandika, kama ndoa, ng'ombe wa mahari, majina ya watoto na matambiko, chakula husahaulika. Labda ni kwa sababu kila mtu anadhani anakijua. Lakini mtume kijana sokoni Uvira akutafutie uburo, yaani ulezi, kilo mbili tu za uji wa mtoto au wa mzee mgonjwa. Atapita kwenye mahindi ya gunia, unga wa muhogo, mchele wa bonde la Ruzizi na unga wa ngano uliotoka ng'ambo. Akiulizia uburo, mama muuzaji atamjibu: "Haiko. Labda uulize ku Kalundu, mashua ikifika." Na akibahatika kuupata, atapimiwa kwa kopo dogo, kwa bei inayopita ile ya mahindi kwa mbali.

Mzee aliyezaliwa kule juu akisikia habari hiyo anashangaa. Nafaka iliyolala katika ghala za babu zake imekuwaje kitu cha kutafutwa kama dawa? Swali hilo tumeliona ni la historia kweli, wala si la jikoni peke yake. Ukifuata njia ya nafaka ya Bijombo unakutana na biashara ya ziwa, ukoloni, vita, na zaidi ya yote uhusiano wa majirani.

Kwanza tukumbushane mahali penyewe. Bijombo ni grupema ya sheferi ya Bavira, katika teritware ya Uvira, lakini haifanani na Uvira hata kidogo. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya bahari. Bijombo iko kwenye nyanda za juu, kupita mita 2000. Aliyepanda njia ile kwa miguu anajua maana ya tofauti hiyo. Chini kuna michikichi, mihogo na joto. Juu kuna ukungu, majani ya malisho, na usiku wa baridi unaomfanya mtu asitoke kwenye moto. Muhogo haupendi baridi ya namna ile, na mgomba nao unateseka. Mahindi yanakubali, ila yanakawia: chini yanakomaa kwa miezi minne hivi, juu yanaweza kukaa shambani miezi saba, minane, hata zaidi. Kwa hiyo watu wa juu tangu zamani walihitaji chakula kinachovumilia baridi, au la, walihitaji jirani wa chini wa kubadilishana naye. Walikuwa na vyote viwili.

Tuanze na uburo wenyewe. Jina peke yake ni ushahidi. Banyamulenge wanasema uburo, Warundi vilevile, Wanyankole wanasema oburo, Waganda obulo. Ni neno moja lililotembea na watu na mbegu yao kuzunguka Maziwa Makuu, kabla hakujawa na mipaka. Wataalamu wa mimea wanaweka asili ya ulezi katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, kati ya Ethiopia na Uganda. Maana yake ni kwamba nafaka hii ni ya bara letu na ni ya milima. Mtama, ambao wengi wetu tunauita amasaka, nao ni wa Afrika. Mahindi siyo: yalitoka Amerika, yakaletwa kwenye pwani za Afrika na Wareno tangu karne ya 16, na ilichukua muda mrefu kabla ya kufika huku ndani.

Sifa kubwa ya uburo ni kutunzika. Punje zake ni ndogo mno, fukusi hapati nafasi ya kuingia. Ukikaushwa vizuri unakaa miaka mingi bila kuharibika, na wako wanaosema hata kumi. Mahindi, mwenye nyumba asipoyatundika juu ya moshi, yanageuka vumbi kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana katika nchi nyingi za jirani uburo ulikuwa akiba ya njaa: unaula ukiwa huna kingine. Mbegu ilihifadhiwa ndani ya kibuyu, juu ya jiko, na kibuyu hicho kilikuwa mikononi mwa mama wa nyumba. Mwanaume aliweza kuuza ng'ombe, lakini kibuyu cha mbegu hakukigusa.

Sasa tushuke ziwani, maana huko ndiko tunapata bei ya kwanza iliyoandikwa. Mwezi wa nne mwaka 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuja kwa ajili ya mto Ruzizi, wakitaka kujua kama unatoka ziwani au unaingia, kwa sababu walikuwa wanatafuta chanzo cha Nile. Watu wa hapa waliwaambia kwamba unaingia, na hamu yao ikaishia hapo. Lakini Burton, kama desturi yake, aliandika kila kitu, na bei za soko zikiwemo. Kwetu sisi hizo ndizo zenye thamani kuliko habari zake za mto.

Anasema Uvira ilitembelewa sana kwa sababu vitu vyake vilikuwa rahisi. Ilikuwa kituo kikubwa cha kaskazini cha pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyuma. Ilikuwa pia soko la watumwa, na hilo tusilifiche. Karibu kila siku ya msimu mitumbwi iliingia kutafuta bidhaa au chakula. Mtama na mahindi viliuzwa kwa fundo moja au mbili za shanga za kawaida kwa mzigo mdogo wa ratili 16 hivi, yaani kilo 7 na kidogo. Fundo moja ni kete kumi, na kete ni uzi wa shanga. Kutoka nje viliingia chumvi, shanga, tumbaku, nguo na bangili za shaba. Na anaongeza kwamba mchele haulimwi Uvira. Leo mtu wa Luberizi au Kiringye akisikia hivyo atacheka.

Katika maneno hayo machache kuna mambo mawili ya kutazama. La kwanza, mahindi yalikuwa yameshafika na kuzoeleka hapa mwaka 1858, yakiuzwa pamoja na mtama. La pili, Uvira ilikuwa inauza nafaka. Watu wa Ujiji ndio walikuja kununua kwetu! Leo mambo yamegeuka: jicho la mfanyabiashara wa Kalundu linaangalia kusini na ng'ambo, kuona kama mashua ya mahindi imefika. Mji uliokuwa unalisha ziwa umekuwa unalishwa na ziwa.

Mlima ulipata nini katika biashara hiyo? Chumvi, kwa sehemu kubwa. Chumvi ya Uvinza, upande wa mashariki wa ziwa, ilikuwa inasafirishwa mbali kwa mitumbwi, na mfugaji anaihitaji kwa ajili ya nyumba yake na ng'ombe wake. Nafaka yenyewe haikuhitaji shanga. Ilipita kwa njia nyingine ambayo hakuna mgeni aliyeiandikia bei.

Njia hiyo ni ya ujirani. Kule juu na kwenye miteremko yake wanaishi Banyamulenge, Bafuliiru, Banyindu, Bavira na Babembe. Zamani Banyamulenge waliishi zaidi kwa ng'ombe, na majirani wao zaidi kwa jembe. Mwenye ng'ombe alitoa maziwa, siagi, samadi ya shamba, na wakati mgumu alitoa fahali. Mwenye jembe alitoa mtama, uburo, maharage, vyungu na vikapu. Hesabu haikuwa ya siku moja. Leo nakupa maziwa mtoto wako anywe, mavuno yakija unanijazia kikapu. Mwaka wangu ukiwa mbaya, unanijazia hata kama maziwa yalikuwa kidogo. Wenyeji wa nyakati hizo wasingeelewa mtu akiwauliza kikapu cha uburo ni bei gani. Bei yake ilikuwa jirani mwenyewe.

Hatusemi kwamba hapakuwa na ugomvi. Ng'ombe alikula shamba la mtu tangu Adamu, na kesi za namna hiyo zilijaza mabaraza. Lakini kesi ya shamba iliamuliwa na wazee, faini ikalipwa, na msimu unaofuata kikapu kikapita tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ilipopita tauni ya ng'ombe katika nchi za Maziwa Makuu, wafugaji wa mahali pengi walijikuta bila kitu cha kutoa. Hapo ndipo ilionekana waziwazi kwamba mfugaji bila mkulima ni mtu wa njaa. Polepole wafugaji wetu nao wakashika jembe, na katika karne ya 20 kulima kukawa kazi ya kila nyumba.

Nafaka hizi zilikuwa na heshima pia. Ng'ambo ya Ruzizi, katika ufalme wa Burundi, mwaka ulifunguliwa kwa sikukuu ya mtama, umuganuro, na hakuna aliyepaswa kuanza kupanda kabla ya mwami. Rwanda walikuwa na umuganura, na humo uburo na mtama vilikwenda pamoja. Wabelgiji waliona vizuri kwamba nguvu ya mfalme imo ndani ya kikapu hicho. Mwaka 1925 walikomesha umuganura wa Rwanda, na Gashamura, mkuu wa watunza ibada za ufalme, wakampeleka uhamishoni Burundi. Umuganuro wa Burundi nao ukazimika mwishoni mwa miaka hiyo. Sisi wa Bijombo hatukuwa na ikulu ya namna hiyo, lakini tuliishi karibu nao na tulioana nao. Nafaka inapoondolewa kwenye ibada inabaki chakula tu, na chakula kinaweza kubadilishwa na kingine kilicho rahisi zaidi.

Huku kwetu serikali ya Kongo Belge ilitumia njia nyingine, mazao ya lazima. Sheria ya mwaka 1917 iliwapa wakubwa uwezo wa kumlazimisha mkulima kulima walichokitaka, mpaka siku 60 kwa mwaka. Katika bonde la Ruzizi hicho kilikuwa pamba. Kwa chakula walipenda muhogo, kwa sababu unakaa ardhini na afisa anaweza kuuhesabu kwa macho. Uburo hauhesabiki hivyo. Hakuna kampuni iliyoutaka, hakuna lori lililoufuata, wala haukuandikwa katika mipango. Hakuna aliyeukataza. Uliachwa tu, na katika kilimo kinachoachwa na serikali mara nyingi kinaachwa na vijana pia.

Lakini si haki kuweka kila kitu juu ya Mbelgiji. Ukiwauliza akina mama wazee kwa nini waliacha uburo, hawataji serikali. Wanataja mgongo. Shamba la uburo linapaliliwa kwa mkono, na kuna jani baya linalofanana nao wakati ni mchanga, kiasi kwamba mtu asiyezoea anang'oa chakula na kuacha gugu. Unavunwa kichwa kwa kichwa kwa kisu. Kisha unapurwa, unapepetwa, na kusagwa juu ya jiwe, na huyo anayesaga amepiga magoti tangu alfajiri. Mtama nao una ndege. Zamani watoto walikaa shambani wakifukuza ndege wiki nzima. Shule ilipokuja, watoto wakaenda shule, ndege wakabaki na mtama. Mahindi yamevaa koti lake mwenyewe, ndege hayawezi. Tena mashine ya kusaga ilipofika ilizoea mahindi na mihogo. Punje za uburo zilipita chini zikiwa nzima. Kwa mama mwenye watoto sita na mzigo wa kuni, mahindi yalikuwa ukombozi. Sisi tunaoomboleza uburo leo, wengi wetu wanaume, hatukuwahi kupiga magoti mbele ya lile jiwe.

Hivyo mahindi yakashika mlima. Kufikia uhuru wa mwaka 1960, bugali ya kawaida ya Bijombo ilikuwa ya mahindi, pamoja na maziwa au maharage. Uburo ulibaki kipande kidogo pembeni ya shamba, kwa ajili ya uji wa mzazi, wa mtoto anayeachishwa ziwa, na pombe ya sherehe. Ungeweza kubaki hivyo miaka mia. Kilichoukata ni vita.

Mbegu ina adui mmoja mkubwa kuliko ukame, naye ni mwenye shamba kukimbia. Mwaka 1964 waasi wa Mulele, waliojiita Simba, waliteka Uvira mwezi wa tano, na vita ikapanda milimani miaka iliyofuata. Mwaka 1996 vita nyingine, mwaka 1998 nyingine tena. Kuanzia 2018 na 2019 vijiji vingi vya Bijombo vilichomwa, watu wa kila kabila wakatawanyika, wengine Uvira na kwenye miteremko, wengine Mikenge, wengine Burundi. Mtu akikimbia anabeba mtoto, sufuria na blanketi. Akirudi baada ya miaka mitatu, mahindi ya kupanda atayapata kwa msaada, au atayanunua sokoni. Mbegu ya uburo hakuna shirika linaloigawa. Ikiungua mara moja na kibuyu chake, imekwisha katika nyumba hiyo, na kama jirani naye amechomewa, imekwisha katika kijiji.

Na jirani mwenyewe, ndiye bei ya zamani, amepotea vilevile. Hili linauma kuliko mbegu. Sehemu nyingi kikapu kilikuwa kimeshaacha kupita kati ya mwenye ng'ombe na mwenye jembe. Njia ya kushuka sokoni ikawa na vizuizi, na kila kizuizi kinakula. Gunia la mahindi linalotoka Bijombo kichwani au mgongoni mwa mchukuzi linafika Uvira likiwa limelipa mara nyingi kuliko lile lililovuka ziwa zima. Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini mji ulio chini ya milima yenye rutuba unakula mahindi ya Tanzania.

Basi anayetafuta uburo leo kwa bei ya kuvumilika anautafuta wapi? Njia ya kwanza ni Burundi, kupitia Kavimvira. Ni karibu, Bujumbura ni kama kilomita 25 tu. Lakini Burundi nako uburo umepungua, na mpaka hautabiriki. Mwaka 2020, wakati wa korona, ulipofungwa, Uvira iliona jinsi sahani yake inavyotegemea lango moja. Njia ya pili ni ndefu lakini ina historia, nayo ni ya kusini. Katika nyanda za Ufipa, mkoa wa Rukwa, ulezi ndio bugali ya asili ya Wafipa, na bado unalimwa huko. Bandari ya Kasanga iko chini yao, na kutoka hapo mzigo unaweza kupanda ziwa mpaka Kalundu. Ndiyo ile mashua ambayo mama wa sokoni alikuwa anaitaja. Mzigo ukitoka shambani mpaka bandari kwa jumla, kikundi cha nyumba kumi kikinunua magunia mawili pamoja, bei inashuka. Mtu anayenunua kopo kopo sokoni analipia safari ya kila mtu.

Njia ya tatu isingeingia akilini mwa babu zetu. Baada ya mauaji ya Gatumba ya tarehe 13 Agosti 2004, ambapo wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge, manusura walianza kupokelewa Marekani kuanzia 2007. Wengine wetu wamefuata tangu hapo. Kule, mama anayetaka uji wa uburo anakuta kwanza shayiri ya kizungu ndani ya makopo, inapikwa kwa dakika mbili na haina ladha anayoijua. Kisha siku moja anaingia duka la Wahindi na kuona unga wa kahawia ulioandikwa "ragi". Anaunusa. Ni uburo! Ulezi ulifika India kutoka Afrika maelfu ya miaka iliyopita, na sasa unamrudia mtoto wa Bijombo kwa mkono wa Mhindi, Marekani. Duka hilohilo linauza mtama kwa jina la "jowar". Wanaojua wanatuma habari kwa wengine: usinunue kwenye duka kubwa la vyakula vya afya, huko mfuko mdogo ni ghali mno, nenda kwa Wahindi.

Maana hata huko duniani nafaka hii imepanda cheo. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa kimataifa wa ulezi, uwele, mtama na jamii yake. Madaktari wanasifu chokaa yake ya mifupa, ambayo ni nyingi kuliko ya mchele au ngano mara kadhaa. Kitu ambacho watoto wa shule walikuwa wanakionea aibu, uji mweusi, kinauzwa sasa kama chakula cha wenye uwezo. Hatuna neno juu ya hilo, ila tunaona ajabu kwamba mwenye mbegu ya asili ndiye anayekosa.

Kuna tofauti moja ambayo wanaotaka kuurudisha mlimani wanapaswa kuijua. Unga haupandwi. Tena si kila punje ya sokoni itakubali Bijombo. Uburo uliozoea joto la kando ya ziwa ukipandwa kwenye ukungu unaweza kutoa majani mazuri na vichwa vitupu. Wa Ufipa una nafasi nzuri zaidi, kwa sababu nyanda zile nazo ziko juu, lakini bado ni chini ya Bijombo, na mvua zake ni tofauti. Mbegu iliyo bora ni ile iliyolala Bijombo yenyewe, na katika nyumba chache za miteremko, kwa Bafuliiru na Banyindu, kuna mama ambao bado wanapanda kipande cha uburo kila mwaka, kidogo tu, kwa ajili ya uji. Hawauzi. Ukiwaendea na franga watakuambia haitoshi hata kwao. Wazee wanashauri uende na maziwa.